Mahali pa mafuta ya akiba ni kwenye tangi

Kijana anayetaka kuingia kwenye kazi ya kununua asali akija kuniulizia mambo ya safari, swali lake la kwanza huwa lilelile: "Kaka, nibebe lita ngapi za akiba?" Nami humuuliza, "Utazimimina lini?" Wengi hushangaa. Wanavyojua wao, dumu la petroli hukaa limefungwa mpaka pikipiki izime porini, hapo ndipo lifunguliwe. Mimi naamini kinyume chake, na ndivyo nilivyofanya miaka yote niliyopita njia za magharibi mwa Tanzania, za Sikonge, Ipole, Inyonga, Urambo, Kaliua na Nguruka. Petroli ikishatoka sheli, mahali pake pa salama ni ndani ya tangi la pikipiki. Dumu ni la kuivusha tu, na kadiri itakavyokaa humo muda mfupi ndivyo heri kwako, kwa mzigo wako na kwa watu utakaolala nao kambini.

Hofu nyingi ya kuishiwa mafuta inatokana na mtu kutoijua pikipiki yake. Hizi tunazotumia wengi wetu, Boxer au TVS za cc 125 na 150, tangi linachukua lita 11 hivi. Kwenye lami, nikiwa peke yangu na bila kukimbia, lita moja hunipeleka kilomita 45, wakati mwingine zaidi. Nikiingia kwenye mchanga na ndoo mbili za asali nyuma, natembea gia ya pili muda mrefu, na hapo sihesabu zaidi ya kilomita 30 kwa lita. Ndoo mbili si mchezo. Ndoo ya lita 20 ikijaa asali inafika kilo 28, maana asali ni nzito kuliko maji, wakati lita hizohizo 20 za petroli ni kama kilo 15 tu. Sasa chukua ile hesabu mbaya ya 30, zidisha kwa 11, unapata kilomita 330. Tabora hadi Mpanda ni karibu kilomita 350, na katikati kuna Sikonge na Inyonga. Tabora hadi Kigoma ni zaidi ya kilomita 400, lakini unapita Urambo, Kaliua, Nguruka na Uvinza. Maana yake ni kwamba anayefuata barabara kuu, akijaza tangi pomoni kila anapokuta sheli ya kuaminika, hahitaji dumu kabisa. Nalisema wazi kwa sababu nawaona vijana wakitoka Tabora kwenda Urambo, kilomita 90 na kidogo za lami, na dumu la lita tano limefungwa nyuma kwa mazoea tu. Wamebeba hatari isiyo na faida.

Na rizevu isikuchanganye. Wapo wanaoamini kuwa rizevu ni mafuta ya ziada, juu ya zile lita 11. Sivyo. Ndani ya tangi, koki ina vijimrija viwili, kimoja kirefu na kimoja kifupi. Mafuta yakishuka chini ya kile kirefu, pikipiki inaanza kukohoa, unageuza koki, unaanza kuvuta yaliyobaki chini. Ni mafuta yaleyale, ila sasa umeshaonywa. Mimi huipitia rizevu mara mojamoja nikiwa mjini, ili uchafu na maji yanayotuama chini ya tangi yasirundikane yakaja kuziba jeti ya kabureta siku nipo mbali na fundi.

Akiba inahitajika pale unapoacha barabara. Wafuga nyuki wa huku hawatundiki mizinga kando ya lami. Wanaitundika ndani ya miombo, na msimu wa kurina ukifika wanahamia huko na sufuria, unga na madumu ya maji, wanakaa hadi kazi iishe. Ukitoka Ipole kuelekea Rungwa una kama kilomita 170 za pori, sheli ni za kuhesabu, na mimi siipiti njia hiyo moja kwa moja. Naingia kushoto kufuata kambi moja, naambiwa wamehama, natoka, naingia kulia. Kilomita za namna hiyo hazimo kwenye kibao chochote cha barabarani. Masika nayo ina mambo yake. Mto ukifurika unageuza pikipiki na kurudi ulikotoka, na njia uliyoihesabia mara moja inakuwa mara mbili. Halafu kuna sheli yenyewe. Unafika unakuta umeme umekatika na jenereta mbovu, au mafuta hayajaletwa. Mwaka 2023, petroli ilipoadimika nchini, tulijifunza kwamba hata sheli ya mjini si ya kuitegemea kwa macho yaliyofumbwa, na sisi wa magharibi tuko mbali na bandari.

Kwa safari hizo nabeba lita tano. Kwa hesabu mbaya ni kilomita 150, na zinatosha kunitoa popote nilipo kati ya Sikonge na Rungwa. Anayebeba dumu la lita 20 amebeba kilomita 600. Huyo anafanya biashara ya petroli, si msafiri mwenzangu, na biashara hiyo ina sheria zake na wasimamizi wake.

Hapo nigusie petroli ya chupa, kwa kuwa ndiyo inayowafanya wengine waone dumu si lazima. Vijijini utaikuta imepangwa juu ya meza ya mbao, kwenye chupa za maji, inawaka jua mchana kutwa. EWURA, mamlaka inayosimamia nishati na maji, wamekemea uuzaji huo mara nyingi, na wamefungua njia ya watu kujenga vituo vidogo vya vijijini kwa masharti nafuu ili petroli iuzwe kwenye pampu. Lakini porini ni porini, siku moja utanunua ya chupa. Basi ikague. Inyanyue kwenye mwanga, itazame chini. Maji ni mazito kuliko petroli, yakiwemo yatakaa chini kama tone linalotembea ukiinamisha chupa. Kisha dondosha kidogo kwenye karatasi nyeupe, subiri. Petroli safi hupaa yote, karatasi inabaki kavu. Iliyochanganywa na mafuta ya taa huacha doa la mafuta, na ukigusa kidole kinateleza. Serikali ilianza kuweka vinasaba, yaani alama maalumu za kemikali, kwenye mafuta mwaka 2010 kukabili uchakachuaji, na kazi hiyo imesaidia sana kwenye sheli, lakini chupa ya mezani haina wa kuipima isipokuwa wewe. Hata isiyochanganywa, iliyokaa juani siku nyingi imeshapoteza ile sehemu nyepesi inayorahisisha pikipiki kuwaka asubuhi. Utapiga kiki mpaka mguu uume.

Nadhani chanzo cha uzembe wetu ni mafuta ya taa. Tumekulia kwenye koroboi na taa za chemli. Tumezoea kubeba mafuta ya taa kwenye chupa, kuyamimina mezani, kuyafuta kwa kitambaa, na hakuna kilichotokea. Tukadhani petroli ni ndugu yake. Mafuta ya taa yanahitaji joto la nyuzi 38 hivi au zaidi ndipo yatoe mvuke wa kutosha kushika moto. Petroli inautoa hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri. Huku kwetu hakuna saa hata moja, usiku wala mchana, ambapo petroli iliyo wazi haitoi mvuke wa kuwaka. Na mvuke huo ni mzito kuliko hewa mara tatu hadi nne. Haupai juu ukapotea kama moshi, unashuka, unatambaa ardhini, unafuata mteremko, unaingia kwenye mashimo, mpaka ukute jiko la mtu mwingine kabisa. Moto ukishika huko, unarudi kwa njia ileile hadi kwenye dumu lako.

Tarehe 10 Agosti 2019, pale Msamvu, Morogoro, lori la mafuta lilipinduka, watu wakakimbilia kuchota, likalipuka. Walikufa watu zaidi ya 100. Wengi walikuwa vijana, na waendesha bodaboda walikuwemo. Sina namna ya kuzungumzia kubeba petroli nikaliruka hilo. Madumu yaliyokuwa pale ni ya aina hiihii tunayofunga kwenye keria zetu.

Tuje kwenye chombo. Dumu la njano la mafuta ya kula limetapakaa kila nyumba, na ndilo wengi wanalochukua. Halikutengenezwa kwa petroli. Ukuta wake ni mwembamba, petroli inaulainisha taratibu, na kifuniko chake hakibani. Mtu anaongeza kipande cha nailoni chini ya kifuniko, nailoni inalegea. Mwingine anakata duara la tyubu ya baiskeli aweke kama washa, ule mpira wa kuzibia chini ya kifuniko. Mpira wa tyubu ukikutana na petroli unavimba na kujikunja, baada ya muda unakuta washa imekuwa kubwa kuliko kifuniko na petroli inatokea pembeni. Afadhali ulipe pesa ununue dumu nene lililotengenezwa kwa mafuta, lenye washa yake. Lile dumu la chuma lenye mishikio mitatu, ambalo Wajerumani walilibuni miaka ya 1930 na majeshi mengine yakaliiga vitani, bado sijaona linalolizidi kwa uimara, ila lita 20 zake ni nyingi kwa pikipiki. Yapo ya lita tano na lita kumi yaliyofuata umbo hilo. Ukilipata lisilo na kutu ndani, lishike.

Usilijaze mpaka mdomoni. Petroli ikipata joto inatanuka, kama asilimia moja kwa kila nyuzi kumi, na mvuke nao unasukuma. Uliyoijaza saa kumi na mbili asubuhi ikiwa imepoa, saa saba mchana ikiwa juu ya keria nyeusi inadai nafasi zaidi. Mimi huacha upana wa vidole vitatu juu. Na wakati wa kujaza sheli, dumu literemshwe liwekwe chini kwenye sakafu, mdomo wa pampu uguse mdomo wa dumu, mafuta yatiririke polepole. Dumu la plastiki likijazwa likiwa juu ya keria linaweza kubaki na umeme tuli usiokuwa na pa kutokea, na cheche moja ndogo inatosha. Kuna wahudumu wanaokataa kujaza dumu lililo juu ya pikipiki, na madereva wanawatukana. Wahudumu hao wako sahihi, wanatuokoa sote tuliosimama pale.

Kufunga ni kazi yenye maarifa yake. Nimeona dumu likiwekwa mbele, juu ya tangi, limebanwa kwa mapaja. Hapo ukianguka, petroli inakumwagikia tumboni juu ya injini ya moto. Nimeona likining'inizwa kwenye usukani, pikipiki inayumba kila kona. Mahali pake ni nyuma, katikati ya keria, limesimama wima na kuegemea siti, mbali na upande wa ekzosi. Chini yake weka gunia lililokunjwa mara kadhaa. Watu wengi hulidharau gunia hili. Barabara zetu za vumbi zina rasta, yale matuta madogo ya mfululizo yanayotetemesha kila kitu, na dumu lisilo na gunia linasagika juu ya chuma kilomita baada ya kilomita. Mwenzangu mmoja tuliyekuwa tukitoka naye Kaliua alishuka kunyoosha miguu, akahisi harufu. Tukalifungua dumu lake. Kichwa cha bolti ya keria kilikuwa kimechimba chini ya dumu tundu dogo kama la sindano, na petroli ilikuwa ikidondoka tone moja moja juu ya begi lake la nguo, kutoka begi inashuka kwenye mkono wa tairi, sentimita chache kutoka kwenye ekzosi. Ile mipira ya tyubu aliyofungia ilikuwa imelowa na kuanza kulegea, kwa hiyo hata bila moto dumu lingemdondokea njiani. Tangu siku hiyo kila ninaposimama napitisha mkono chini ya dumu, nanusa kiganja.

Sasa kumimina. Desturi niliyonayo ni kwamba nikishatumia nusu ya tangi, yaani lita tano na kitu, dumu linaingia lote. Kwa hesabu ya porini ni baada ya kilomita 150 hivi. Sisubiri pikipiki izime, kwa sababu pikipiki ikizima haichagui mahali. Itazimia katikati ya mchanga saa nane mchana, au kwenye majani makavu marefu ya Agosti ambayo ekzosi peke yake inaweza kuyawasha, au pale mbung'o walipojaa. Aliyepita mapori ya Ipole na Ugalla anawajua. Wanafuata kitu kinachotembea na wanapenda rangi za giza, nyeusi na buluu, na wanachoma kupita kwenye shati. Watu wazima wa Urambo na Kaliua wanajua malale ilivyowatesa wazee wao. Mtu anayechomwa na mbung'o shingoni huku ameshika dumu la petroli na faneli hawezi kumimina kwa utulivu. Atamwaga, na atamwagia injini iliyotoka kukimbia.

Kwa hiyo nachagua mwenyewe. Nasimama kijijini au mahali peupe penye udongo mtupu, naweka pikipiki kwenye stendi kubwa, nazima, nafunga koki. Halafu nakaa. Nakula mihogo yangu na karanga, nakunywa maji, nazungumza na wenyeji. Ikipita kama nusu saa naweka kiganja karibu na injini bila kuigusa. Kama joto bado linanipiga, naendelea kukaa. Anayevuta sigara namwomba asogee mbali, na simu inabaki mfukoni. Kabla ya kufungua dumu nagusa chuma cha pikipiki kwa mkono mtupu. Kifuniko nakifungua robo mzunguko tu, uso nimeugeuzia pembeni, mpaka ile pumzi iliyojibana itoke. Ukikifungua kwa haraka kwenye dumu lililopigwa jua, petroli inaruka usoni. Kisha naliinamisha dumu mdomo wake ukiwa upande wa juu, si wa chini. Vijana hufanya kinyume, wakidhani yatatoka upesi, na matokeo yake ni ile gudugudu inayorusha mafuta nje ya faneli. Mdomo ukiwa juu, hewa inaingia juu yake, mafuta yanatoka kama uzi, hakuna tone linalopotea. Faneli yangu ina kichujio cha waya mwembamba. Nikimaliza naifunga kwenye mfuko wake, nafuta mdomo wa tangi, nasubiri kidogo harufu iondoke, ndipo nawasha.

Rafiki yangu wa Kaliua, tuliyeanza naye kazi hii, hakubaliani na mimi, na hoja zake nazipa uzito. Anasema mafuta yakiwa tangini yanasahaulika, utayatumia bila kujua, ila yakiwa kwenye dumu unajua una lita tano zako. Anaongeza kwamba mrija wa mafuta ukipasuka kwa jiwe au koki ikivuja usiku, utaamka tangi tupu, na mwenye dumu atacheka. Kuhusu kusahau, namjibu kwamba hesabu inaanza siku unapojaza: lita 11 na tano ni 16, na rizevu ipo kukukumbusha. Kuhusu kuvuja, ana hoja ya kweli, ndiyo maana nabeba mrija wa ziada na klipu zake mbili, na usiku koki nafunga. Ila dumu halilindi mafuta kuliko tangi. Tangi ni la chuma, limewekwa mahali palipofikiriwa na mainjinia, kifuniko chake kina njia ya kupumua. Na kwenye gesti, mwizi akipita, dumu analibeba kwa mkono mmoja. Bado tunabishana kila tunapoonana, na yeye bado anafika salama, kwa sababu dumu lake ni zuri na anafunga kwa makini kuliko mtu yeyote ninayemjua.

Kwetu wa asali kuna sababu nyingine ambayo yeye mwenyewe anaikiri. Asali inanyonya harufu. Ndoo ikisafiri nusu siku karibu na petroli inayovuja hata kidogo, mnunuzi wa Dar es Salaam akifungua kifuniko anarudi nyuma, na mzigo mzima unakataliwa. Nikienda porini ndoo ni tupu na dumu limejaa. Nikirudi, ndoo zimejaa na dumu lilishamiminwa tangu jana. Hata hilo dumu tupu nalifunga nyuma kabisa, nje ya turubai, kifuniko kimekazwa.

Lakini kilichonifanya niwe mkali kiasi hiki ni usiku mmoja kambini, mbele ya Ipole. Warina walikuwa wameweka madumu yao ya maji chini ya mti, matano au sita, yote ya njano. Moto ulikuwa unawaka, sufuria ya ugali imeshabandikwa. Akafika mnunuzi mwingine gizani, amechoka, akafungua dumu lake la petroli kutoka kwenye keria na kuliweka pale pale chini ya mti, pamoja na mengine. Lilikuwa la njano vilevile. Akaenda kuosha uso. Kijana aliyekuwa anapika akataka kuongeza maji, akanyoosha mkono, akashika dumu la kwanza alilolifikia, akalibeba kuja motoni huku anafungua kifuniko.

Mzee aliyekuwa amekaa kwenye gogo akasema, bila kupaza sauti, "Mwanangu, simama hapo hapo. Usisogeze mguu."

Kijana akasimama. Alikuwa hatua nne au tano kutoka motoni.

"Funga hicho kifuniko. Rudi nacho nyuma ulikotoka. Endelea kwenda. Endelea. Bado."

Akarudi nacho nyuma mpaka akapotea kwenye giza la miti. Mzee alikuwa amepata harufu kabla yetu sote, na upepo ulikuwa unatoka upande ule. Mwenye dumu aliporudi hakutukanwa. Mzee alimkaribisha ugali kwanza, wakasalimiana vizuri, wakaulizana habari za nyumbani. Baada ya kunawa ndipo akamwambia, "Baba, humu kambini tuna watoto wa watu. Mafuta yako yana mahali pake pa kulala, na maji yetu yana pake. Visilale pamoja." Akampa kijana wa kumsindikiza, wakalipeleka dumu upande ambao upepo unaelekea, kwenye ardhi iliyoinuka kidogo lakini yenye mteremko wa kwenda mbali na moto, wakaliwekea matawi juu ili asubuhi jua lisilipate.

Mzee yule hakuwahi kusoma kwamba mvuke wa petroli unatambaa. Ni mtu wa kurina asali usiku kwa moshi na kijinga cha moto mkononi, anajua vitu vinavyotembea na upepo. Mimi dumu langu nimelipaka rangi nyekundu mzunguko mzima, upana wa kiganja, na kifuniko pia nyekundu. Hata gizani, kwa mwanga wa tochi ya simu, huwezi kulidhania la maji. Na sitii petroli kwenye chupa ya maji ya kunywa wala ya soda, hata iwe nusu lita ya kumsaidia mtu. Watoto wananywa. Mtoto akinywa petroli, msimtapishe, kwa kuwa ikipanda tena inaingia kwenye mapafu na hapo ndipo inapoua. Mkimbizeni kituo cha afya.

Hilo la mapafu linawahusu pia wanaonyonya mafuta kwa mrija na mdomo ili kumgawia mwenzao aliyekwama. Kumgawia ni lazima, sijawahi kumpita mtu aliyezimikiwa porini na sitampita. Lakini zipo pampu ndogo za mkono, za mpira, za bei ya kawaida tu kwenye maduka ya vipuri. Ukiikosa, chomoa mrija kwenye kabureta, fungua koki, mafuta yatashuka yenyewe kwenye chombo. Lita moja inampeleka kilomita 30 au 40, na mara nyingi hapo ameshafika penye watu.

Nikirudi Tabora, petroli hailali nyumbani. Kama kuna iliyobaki inaingia tangini hata kama safari imeisha. Dumu tupu nalifungua nalipeleka nyuma ya nyumba, kivulini, mbali na jiko la mkaa, likae wazi siku nzima lipumue, kisha nalifunga na kulihifadhi stoo ya nje ambayo mlango wake una kufuli. Dumu tupu lisilopumua lina mvuke uliochanganyika na hewa, na huo ndio unaolipuka. Lililojaa huwaka, ila hilo tupu hupasuka. Mafundi wa kuchomelea wanaletewa matangi ya pikipiki yaliyotoboka, mwenye tangi anasema "halina kitu humo, chomelea tu." Fundi anayejua kazi atakuambia ulioshe kwa maji na sabuni, ulijaze maji hadi karibu na tundu, ndipo awashe mashine. Akikuambia hivyo, msikilize na mlipe muda wake wa kuosha.